Kioo cha Kushoto

Baba anasema ni upepo.
Huku Patagonia upepo husingiziwa mengi:
mabati yaliyohama paa,
ndoa ya jirani,
kofia ya padri iliyookotwa kwenye seng'enge kilomita tatu mbele.
Basi na kioo nacho tumtwishe.

Lakini nguzo ya lango ina mchirizi mweupe,
kimo kilekile cha mlango wa pikapu yetu,
na upepo, nijuavyo mimi, haupaki rangi.

Sikusema.
Wiki tatu tuliendesha na gamba tupu,
waya mbili nje kama matumbo ya kuku,
mkanda wa gundi ukipayuka kila tulipoongeza mwendo.
Kabla ya kukata kona Baba aliniuliza, "Kuna gari?"
kama mtu anayeuliza saa.

Jumamosi nikaenda kwa Ostoich,
uani kwake ambako magari hulala chali.
Nililipa jibini mbili na ngozi ya kondoo
nikapewa kioo cha pikapu iliyopinduka njia ya Las Heras,
gamba lake la samawati, lina mkwaruzo, lakini zima.
Baba alikileta karibu na pua,
akakigeuza, akakinusa karibu.
"Bahati," akasema, "tumepata cheupe."
Nikasema, "Bahati."

Tuliifanya kazi ubavuni mwa zizi, upande usio na upepo,
maana yake upande wenye upepo kidogo.
Bisibisi ya bapa chini ya paneli, kuta, kuta,
klipu moja ikakatika, ya pili ikaruka ikaliwa na matope,
mlango ukafunguka kifua:
vumbi la miaka ishirini, senti zisizonunua tena kitu,
shada la sufi, kitana.
Nati tatu za namba kumi.
Baba alishika tochi,
na tochi ilimulika goti langu, kisha tairi,
kisha Pancha, mbwa wetu, aliyefumba macho kwa adabu.
"Unaona vizuri?"
"Naona."
Nilifungua kwa kupapasa.

Kioo kipya kikakaa mahali pake. Nati ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ikaniponyoka, ikaingia tumboni mwa mlango:
ti, ti-ti, kimya.
Nikatukana. Baba akaweka tochi chini,
akakunja mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko.
"Sogea."

Akaingiza mkono na kutazama pembeni, mbali, vilimani,
kama afanyavyo usiku wa Oktoba
mkono ukiwa ndani ya kondoo jike
akimtafuta mwana aliyetanguliza matako,
asipepese, asiseme,
vidole peke yake vikiuliza na kujibiwa.
Upepo ukapitia. Pancha akahema.
Akautoa mkono polepole, mweusi kwa grisi, na nati kiganjani.
Akaifunga mwenyewe. Akakaza kwa spana, robo mzunguko,
akaacha kabla ya uzi kulia.

Nilidhani atapanda sasa akipime kioo,
kiti kile kina umbo la mgongo wake.
"Panda wewe," akasema.

Nikapanda. Miguu haikufikia klachi;
nikavuta kiti mbele, reli ikapiga yowe la kutu.
Nje, vidole vyake vinne pembeni mwa kioo:
"Hapo?"
"Chini kidogo."
"Hapo?"
Mbingu ikateremka, ukapita mlima, paa la zizi,
kisha barabara ya changarawe ikanyooka yote nyuma yangu
na lango mwisho wake.
"Hapo."
"Unaona nini?"
"Lango."
"Na nguzo?"
"Na nguzo."

Akapangusa kwa sweta doa ambalo halikuwepo.
Kisha akaizunguka boneti, kiganja juu ya bati,
taa ya kwanza, taa ya pili,
hadi mlango wa kulia, ambao hajawahi kuufungua kutoka nje,
akatafuta kitasa.

"Upepo leo umetulia," akasema, akiketi,
na mimi nikauvuta mlango wangu kwa mikono miwili
ndipo ukakubali kufunga.